Zao Lisilohitaji Ekari

Mvua zikianza, watoto huenda malishoni wakarudi na uyoga, na mama akautia chunguni. Mara nyingi huwa mboga nzuri. Lakini uko uyoga wa sumu unaofanana sana na ule mwema, na sumu iliyo kali kabisa haiishi kwa kupikwa. Mtu aliyeula aweza kukaa saa 6 au zaidi bila dalili yo yote, kumbe ini laharibika. Wala msisadiki kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa mtu. Njia ya salama ni kuupanda wenyewe nyumbani.

Uyoga si mmea kama sukuma wiki. Hautaki udongo, wala haujilishi kwa jua; chakula chake ni mabua makavu. Wakulima wa skimu huko Nyandarua na Uasin Gishu, wakisha kuvuna ngano, hubaki na mabua tele. Hayo ndiyo shamba la uyoga. Anza na ule uitwao chaza, ambao kofia yake yafanana na kombe la baharini.

Fanya hivi:

1. Chukua mabua yasiyo na ukungu. Yakate vipande vya sentimita 5, uyaloweke usiku kucha.

2. Yatie katika maji ya moto ya digrii 70 hadi 80 kwa muda wa saa moja na nusu, ili vijidudu na ukungu vife.

3. Yachuje, uyatandaze mahali safi mpaka yapoe kabisa. Mbegu ikitiwa penye moto hufa. Ukiyakamua mkononi, yatoke matone machache tu.

4. Nawa mikono kwa sabuni. Changanya nusu kilo ya mbegu na kilo 10 za mabua yaliyolowa. Jaza katika ndoo zenye vifuniko, zilizotobolewa matundu madogo ubavuni na chini.

5. Ziweke gizani wiki 2 hadi 4, mpaka mabua yawe meupe yote. Ukiona rangi ya kijani, huo ni ukungu. Iondoe ndoo hiyo upesi.

6. Kisha zipeleke penye hewa na mwanga kidogo, pasipo jua. Nyunyiza maji sakafuni na kutani mara mbili kwa siku.

Uyoga ukitokea matunduni hukua haraka. Vuna kishada kizima kwa kukizungusha, kabla ukingo wa kofia haujakunjamana kwenda juu, maana ukikomaa hutoa vumbi linalokohoza watu. Ndoo moja huzaa mara 2 au 3, na mabua yanayobaki ni mbolea ya bustani.

Mbegu hupatikana katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja. Waeleze baridi ya kwenu, wakupe aina ifaayo.

Usikope fedha kujenga nyumba ya uyoga. Anza na ndoo 2 za kula nyumbani. Uyoga mbichi huharibika kwa siku chache. Basi mtafute mnunuzi kwanza, ndipo uongeze ndoo.