Hulka za Mtu katika Hojaji: Kauli Kwanza, Alama Baadaye

Hojaji ya hulka ni orodha ya kauli fupi ambazo mhojiwa huzisoma na kujilinganisha nazo. Kwa kila kauli huchagua nambari, kwa kawaida kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Hapimwi na mtu mwingine. Yeye mwenyewe ndiye shahidi wa nafsi yake. Makala haya yanaeleza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, na kuonyesha kwamba kwa msemaji wa Kiswahili, hasa mkazi wa Kisangani, matokeo hutegemea sarufi ya kauli kabla ya kutegemea hulka yenyewe.

Chimbuko

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Robert Woodworth aliandaa maswali ya ndiyo na hapana ili kuwabaini askari wa Marekani ambao nafsi zao zisingestahimili vita. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakaorodhesha maneno karibu 18,000 yanayotofautisha mtu na mtu. Hoja yao ilikuwa kwamba tofauti yenye uzito katika maisha ya watu hatimaye hupewa neno. Kutokana na kazi ya namna hiyo, wataalamu waliofuata walipata makundi matano: uchangamfu, upole kwa wengine, bidii na utaratibu, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na uwazi wa fikra. Ni dhahiri basi kwamba msingi wa hojaji nyingi za leo ulijengwa kwa msamiati wa Kiingereza.

Hali ya Kisangani

Baada ya mageuzi ya mwaka 1971 yaliyoviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, masomo ya saikolojia na elimu yaliwekwa Kisangani. Mwanafunzi wa hapa hufundishwa kwa Kifaransa, lakini mjini husikia na kusema Lingala na Kiswahili. Anapotaka kuwahoji watu wasiosoma Kifaransa, hana budi kutafsiri, na hapo ndipo matatizo huanza.

Tatizo la kwanza ni njeo. Hulka ni mazoea, si tendo la mara moja. Kauli "ninaamka mapema" yaweza kuhusu desturi ya mtu au siku hizi tu. Kiswahili sanifu kina kiambishi hu- cha mazoea, lakini hakionyeshi nafsi: "huamka mapema" yaweza kuwa mimi, wewe au wao. Aidha, "hupenda kusema" na "hupendi kusema" hutofautiana kwa irabu moja tu, ilhali ya kwanza inathibitisha na ya pili inakanusha. Katika Kiswahili cha Kongo, mazoea huonyeshwa zaidi mwishoni mwa kitenzi, kama katika "anasemaka", na hu- haizoeleki sana katika mazungumzo. Kauli iliyo sanifu kabisa yaweza basi kueleweka visivyo.

Tatizo la pili ni ukanushi. Anayeulizwa "Huogopi giza?" akajibu "Ndiyo", kwa Kiswahili anathibitisha kwamba haogopi. Aliyezoea Kifaransa cha shule huweza kujibu "Hapana" kwa maana ileile. Watu wawili wenye ujasiri sawa watapewa alama zinazopingana.

Namna alama zinavyohesabiwa

Hojaji iliyotungwa vizuri huchanganya kauli zinazoelekea upande mmoja na zinazoelekea upande wa pili. Kwa hulka ya utaratibu, kauli moja yaweza kuwa "Mimi huweka vitu vyangu mahali pake", na nyingine "Mimi huacha vitu vyangu ovyo". Alama ya kauli ya pili hugeuzwa kwa kuitoa katika 6: aliyechagua 2 huhesabiwa 4. Kisha wastani hutafutwa. Mtu aliyejibu 5 kwa kauli zote mbili atapata 5 na 1, yaani wastani wa 3. Huyo haonekani mwenye utaratibu wala mzembe; ameonekana tu kuwa mtu wa kukubali.

Kukubali huko mara nyingi ni adabu. Mdogo akisomewa kauli na mkubwa wake, au mwenyeji akihojiwa na mgeni, kukataa huweza kuonekana ukosefu wa heshima. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 na Rachid Laajaj na wenzake, uliohusu nchi 23, Kenya ikiwa miongoni mwake, ulionyesha kwamba hulka tano hazijitokezi vizuri katika mahojiano ya ana kwa ana yaliyofanyika katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mwelekeo wa kukubali kila kauli ni miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Njia nyingine ipo. Nchini Afrika Kusini, watafiti walianza kwa kuwauliza wasemaji wa lugha zote 11 rasmi za wakati huo waeleze watu wanaowajua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalitoa makundi tisa, mojawapo likiwa upatanifu katika mahusiano. Kwa Kiswahili, kazi kama hiyo ingeanzia kwenye maneno kama utu, ubinafsi, uchoyo na moyo mkunjufu.

Hitimisho

Anayejaza hojaji kwa ajili ya kujifahamu aichukue alama kama swali la kujiuliza tena. Airudie baada ya majuma kadhaa, kisha amwombe anayemjua vyema ajaze kwa niaba yake, alinganishe. Anayeitumia kumchagulia kijana masomo au kumnyima kazi ana wajibu mzito zaidi: aijaribu kwanza kila kauli kwa wasemaji, awaombe waieleze kwa maneno yao wenyewe. Bila hatua hiyo, kijana aweza kuitwa mwoga au mzembe kwa kosa la irabu moja ambayo si yeye aliyeiandika.