Mchezo wa video: mkimbizi anayetafuta kuaminiwa na wenyeji

Mchezo wa video Kingdom Come: Deliverance, uliotolewa mwezi wa pili 2018 na kampuni ya Warhorse ya Prague, Ucheki, unampeleka mchezaji Bohemia ya mwaka 1403. Henry, mtoto wa mhunzi, anapoteza wazazi wake jeshi linapoteketeza kijiji chao, Skalitz. Anafika mji wa Rattay akiwa mkimbizi.

Wakaaji wa mji huo, wanaoendeshwa na kompyuta, wanamtazama kwa mashaka. Akipita na nguo zenye damu, wanamsema. Akichomoa upanga barabarani, wanaogopa. Akionekana akiiba, askari wanaitwa na jina lake linaharibika.

Urafiki unapatikana polepole: kunawa kabla ya kuongea na watu, kutimiza kazi aliyoahidi, hata kumlipa muuzaji zaidi ya bei aliyotaja. Sifa ya mgeni inahesabiwa mji kwa mji. Anayependwa Rattay anaweza kuchukiwa kwingine.

Hapo ndipo mchezo unapowagusa watu wa mashariki mwa Kongo, ambako wengi wamefika kwa wenyeji mikono mitupu: huruma inamfungulia mgeni mlango, lakini matendo yake ndiyo yanayomfanya jirani.