Picha Moja Iliyorudisha Vigango

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Si pambo. Kikiondolewa na mkosi ukaingia bomani, watu husema marehemu amesumbuliwa.

Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alikuwa huku Pwani akichunguza mila za Wagiriama. Alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Siku aliporudi kumletea mzee picha yake, akaambiwa vimeibwa! Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Miaka ikapita, mzee akafariki. Mwaka 1999, katika mkutano huko Marekani, Udvardy akakiona kimoja kwenye picha za ukutani. Kumbe kiko makumbusho ya Illinois! Kingine kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa akasaidia kuitafuta familia, na mwaka 2007 ikakabidhiwa vyote viwili.

Je, bila ile picha wangedai vipi? Hapo ndipo kikundi chenu kina kazi. Daftari moja na kamera ya kuazima vinatosha. Ombeni ruhusa kwa wenye boma kwanza. Kisha andikeni jina la marehemu, aliyechonga, mwaka, na alama yoyote: ufa, mchwa, pembe iliyovunjika. Daftari likae kwa mzee mnayemwamini, wala msilitembeze sokoni. Mwizi naye anajua kusoma.