Mieleka ya kwenye tope: kipi kimepangwa, kipi ni kweli, na mtangazaji aseme nini

Tangu tulipozungumzia mieleka ya Mukono kwenye kipindi cha michezo, ujumbe haujakatika. Swali ni lile lile kwa maneno tofauti: wale vijana wa Uganda tunaowaona kwenye simu wakirushana topeni, wanapigana kweli au wanaigiza? Msikilizaji mmoja ameandika kwamba yeye na shemeji yake walibishana mpaka chai ikapoa. Makala haya ni ya hao wawili, na ya kila aliyeuliza.

Jibu fupi ni hili. Mshindi amepangwa kabla ya pambano kuanza. Lakini mwili unaoanguka ni mwili kweli, una uzito wake, na ardhi haijui kwamba mshindi amepangwa.

Kwanza tuwafahamu wenyewe. Mukono ni mji ulio mashariki mwa Kampala, kwenye barabara kuu ya kwenda Jinja. Huko ndiko liliko kundi la Soft Ground Wrestling, yaani mieleka ya ardhi laini, ambalo video zake zilianza kusambaa mwaka 2023 na sasa zimetazamwa mara mamilioni kwenye TikTok na YouTube. Jina limetokana na hali halisi. Ulingo wa kisasa ni ghali, hawakuwa na fedha hizo, kwa hiyo wakasimika miti, wakazungushia kamba, wakalowesha udongo wa katikati mpaka ukawa tope. Wanapigana vijana wa kiume na wa kike, wengi wao wakiwa wametoka kwenye maisha ya shida.

Mwanzilishi wake ni Daniel Bumba, ambaye Waganda wanamwita Bumbash. Kabla ya hapo alijulikana kwa kutafsiri mieleka ya Marekani kwa Kiganda kwenye televisheni. Hilo mimi hunifurahisha kuliko yote. Kwa kawaida michezo huanza, kisha anatafutwa wa kuitangaza. Hapa mtangazaji ndiye aliyeanza, ulingo ukafuata.

Wanapangaje?

Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kwamba filamu ina steringi na ina adui. Mieleka ya aina hii ni hivyo hivyo. Steringi anaingia akisalimia watoto. Adui anaingia akitukana. Kazi ya adui ni kuchukiwa, na ukiangalia vizuri utaona ndiye mwenye kazi ngumu, maana mara nyingi yeye ndiye anayeongoza mwendo wa pambano. Anapomkaba mwenzake shingo na vichwa vikakaribiana, usidhani ni hasira tu. Hapo wananong'onezana: sasa nirushe, sasa pumzika, sasa nenda kwenye kamba.

Wanachokubaliana mapema ni nani atashinda na kwa namna gani. Katikati wanajaza wenyewe, wakiwasikiliza watazamaji. Watu wakipoa, wanabadilisha. Watu wakipandisha kelele, wanarefusha. Sheria ya kushinda inayojulikana zaidi ni rahisi: mlaze mwenzako chali, mabega yote mawili yaguse chini, mwamuzi ahesabu mpaka tatu.

Mwamuzi naye yumo ndani ya mpango. Anawakumbusha muda, anapeleka maneno kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine huku akijifanya anaonya. Lakini ana kazi moja isiyo ya maigizo hata kidogo. Mtu akiumia kweli, kwenye maonyesho mengi mwamuzi huinua mikono juu na kuifanya msalaba. Ukiona alama hiyo, ujue mchezo umesimama, hata kama watu bado wanashangilia.

Haya si siri mpya. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya Marekani, ambayo leo inaitwa WWE, iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili isisimamiwe kama ndondi. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba amegundua John Cena anaigiza, mwambie amechelewa.

Sasa, kuanguka

Kuanguka kunafundishwa kabla ya kurusha. Anayeangushwa chali hubana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge. Hutanua mikono na kupiga chini kwa viganja, mgongo wa juu ukifika wote kwa pamoja, huku akitoa pumzi. Uzito ukigawanyika mahali papana unauma, lakini hauvunji. Ukifikia sehemu moja, tuseme bega au shingo, hapo ndipo mtu anapolala wodini.

Anayerusha naye anabeba nusu ya dhamana. Ukiona mtu amebebwa mzobemzobe na kugeuzwa kichwa chini, elewa kwamba aliyebebwa mara nyingi ameruka mwenyewe kusaidia, na aliyembeba anamlinda shingo mpaka mwisho. Wawili hao wanaonekana maadui, kumbe kila mmoja ameshika uhai wa mwenzake mkononi. Ngumi nyingi zinasimama kabla hazijafika, na ule mlio unaousikia ni mguu uliokanyagwa kwa nguvu au kofi la pajani.

Ulingo wa kisasa una mbao juu ya fremu ya chuma, godoro jembamba, kisha turubai. Mbao hizo hunesa kidogo na kulia kama ngoma, ndiyo maana anguko linasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Tope halilii hivyo. Linapokea mwili kwa upole zaidi, lakini lina ubaya wake: linateleza. Ukitaka kumnyanyua mtu mwenye tope mwili mzima, mikono yako haina pa kushika, na anayeponyoka akiwa hewani haangukii pale mlipokubaliana.

Kipaza sauti

Mimi kazi yangu ni kutangaza mpira. Nilipoombwa kutangaza onyesho la vijana wa mieleka hapa mkoani, pembeni ya uwanja wa mpira, juu ya maranda ya mbao yaliyomwagwa chini, niligundua mapema kwamba ni kazi nyingine kabisa. Kwenye mpira natangaza kisichojulikana. Hapa wachezaji wanajua mwisho, mwamuzi anajua, na mimi pia niliambiwa nusu saa kabla. Asiyejua ni yule aliyesimama juani.

Adui wa siku hiyo aliingia na mwavuli, akatangaza kwamba ndizi za wilaya yetu hazifai hata kulisha mbuzi. Mama mmoja nyuma yangu alimjibu maneno ambayo redioni hayapiti. Baada ya onyesho nilimkuta adui huyo huyo kwenye kibanda cha chakula, amekaa na steringi aliyempiga, wanakula ndizi kwa nyama. Kwa hamu.

Je, nilipotangaza niliwadanganya watu? Nimelifikiria sana swali hili, kwa sababu sauti ninayotumia pale ndiyo hiyo hiyo ninayosomea habari za mafuriko na bei ya kahawa. Jibu langu ni kwamba kuna kusimulia, na kuna kudanganya. Afrika Mashariki tumezoea msimuliaji anayekaa kati ya picha na watu. Lufufu alitafsiri filamu kwa Kiswahili huku akiongeza ya kwake, Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wana akina VJ. Hakuna aliyetoka kibandani akisema Lufufu kamtapeli. Walijua wameingia kwenye hadithi.

Kwa hiyo kwenye mieleka ninasimulia kwa moyo wote kile kinachoonekana: nani yuko juu, nani yuko chini, kiungo gani kimeshikwa, kinaelekezwa wapi. Kiswahili hapa kina utajiri wake. Tunayo kabali. Tunayo ngwala. Mtu anapigwa mweleka, anaanguka chali, anaanguka kifudifudi. Sihitaji kuazima majina ya Marekani kwa kila mshiko, na msikilizaji aliyeko shambani anaona picha haraka zaidi nikisema "amempiga ngwala" kuliko nikitaja jina ambalo hata mimi nimelisoma jana.

Redioni kuna ugumu mwingine, na hapa nawaza hali ya Mukono. Dakika tano za tope na wote wanakuwa rangi ya udongo. Mtangazaji aliyezoea kusema "mwenye nyekundu" ameishiwa. Inabidi kabla ya pambano kuanza ushike mambo ambayo tope halifichi: nani mrefu, nani amesuka, nani anachechemea kidogo, nani anatumia mkono wa kushoto. Na unatakiwa kutaja majina mara nyingi kuliko unavyodhani. Msikilizaji aliyefungua redio sasa hivi hajui ulisema nini dakika mbili zilizopita. Kingine ni kunyamaza. Watu elfu wakipiga kelele, mwache msikilizaji azisikie, usizifunike.

Nisichofanya ni kuapa. Siwezi kusema "nawahakikishia hawa wawili wanachukiana", kwa sababu hapo nimetoka kwenye hadithi na kuweka heshima yangu rehani. Na heshima hiyo kuna siku itahitajika.

Siku hiyo kwa mtangazaji Jim Ross wa Marekani ilikuwa tarehe 23 Mei 1999, katika jiji la Kansas City. Mwanamieleka Owen Hart alikuwa ateremshwe kwa kamba kutoka darini kuingia ulingoni, kama sehemu ya mbwembwe za onyesho. Kifaa kilichomshikilia kikaachia mapema, akaanguka kutoka zaidi ya mita 20. Ross alikuwa kwenye meza yake pembeni ya ulingo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupaza sauti kwa mambo yaliyopangwa. Sasa ilimbidi awaambie watu waliokuwa wakitazama kwenye televisheni kwamba hili si sehemu ya burudani. Hakupaza. Alishusha sauti, akasema polepole, na baadaye usiku huo huo akawatangazia kwamba Owen Hart amefariki. Watu waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa, na onyesho likaendelea, jambo ambalo mpaka leo linawauma wengi, mimi nikiwemo.

Waliokuwa nyumbani walimwamini Ross. Walisikia tofauti kati ya sauti ya hadithi na sauti ya kweli, kwa kuwa alikuwa nazo zote mbili na hakuwa amezichanganya. Ndiyo maana kabla ya onyesho lile la hapa mkoani nilimwomba mwamuzi kitu kimoja tu: mtu akiumia kweli, anionyeshe mikono ya msalaba hata kabla hajamwita mtu wa huduma ya kwanza, ili nisije nikawa nachekesha watu juu ya shingo ya mtoto wa mtu. Bahati nzuri haikutokea.

Kwa sababu hiyo hiyo, matokeo ya mieleka ya namna hii hamtayasikia kwenye taarifa yetu ya michezo. Ya Kagera Sugar tutasoma, wakishinda au wakifungwa. Ya mieleka tunayaweka kwenye burudani, pamoja na muziki na ngoma. Wapo wenzangu wanaosema nawavunjia heshima wale vijana. Sioni hivyo. Mcheza ngoma naye anaumia magoti, anafanya mazoezi miaka, na hakuna anayeuliza nani alishinda.

Na kwa wale waliouliza kuhusu mkeka: msiweke. Pambano ambalo watu kadhaa wanajua mwisho wake tangu asubuhi halina bahati ndani yake. Anayekutafuta mtaani akuwekee dau la mieleka, ama yeye anajua matokeo au anamjua anayeyajua.

Watoto nyumbani

Hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika, maana ujumbe wa wazazi ulikuwa mwingi. Watoto wanatazama video ya sekunde thelathini. Hawaoni miezi ya kujifunza kubana kidevu, hawasikii mnong'ono, hawajui kwamba anayerushwa ameruka mwenyewe. Wanakwenda kujaribu nyuma ya nyumba, kwenye ardhi iliyokauka ambayo ni ngumu kuliko mbao za ulingo. Kuwakataza tu hakusaidii sana, watajificha. Waonyesheni video hiyo hiyo na muwaeleze yaliyomo humu, hasa kuhusu shingo. Mtoto akishajua kwamba wale wawili wanasaidiana, mara nyingi ile hamu ya kumrusha mdogo wake inapungua. Mchezo wa kumnyanyua mwenzake kichwa kikiwa chini ndio wa kupigwa marufuku kabisa.

Ikitokea mtoto ameangukia kichwa au shingo, msimvute mkono ainuke, wala msimkalishe "apate hewa". Mwacheni alale alivyo, mtu mmoja apige magoti na kushika kichwa chake pande zote mbili kisitikisike. Muulizeni kama anahisi miguu, kama anaweza kuchezesha vidole. Akitapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja, watu watatu au wanne kwa mkupuo mmoja. Kumpeleka kituo cha afya, tafuteni gari na kitu bapa cha kumlaza, hata mlango uliong'olewa unafaa. Bodaboda isimbebe, hata kama ndiyo iliyo karibu.