Asidi ya Mawese ya Rumonge: Nani Atalipia Kiyeyushi?

Kila mwenye kinu katika pwani ya Rumonge ajua ya kuwa mkungu wa chikichi ukilazwa siku kadhaa ili tembe zilegee, mafuta yake hutoka na ukali, na kwamba ukali huo ndio ushushao bei. Kinachozungumzwa zaidi sasa barazani, kuanzia hapa hadi Nyanza-Lac, ni yale maji machafu yabakiayo baada ya kupika na kukamua, ambayo wataalamu wadai yana asidi zifaazo kuvunwa na kuuzwa.

Afisa mmoja, aliyetaka jina lake lisitajwe, alitukabidhi hesabu kwa yakini kubwa: kila tani ya mafuta huacha tani mbili na nusu za maji machafu. Hesabu hiyo si ya uongo, ila asili yake ni viwanda vikubwa vya Malaysia, vyenye mvuke na mitambo. Tulipomwuliza ni nani aliyekwenda na pipa kupima katika vinu vya mkono vya huku, alirudia hesabu ile ile.

Na hata tukiikubali, suala la kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuzivuta asidi hizo kutoka majini, labaki palepale. Asidi ndefu, kama ya palmitiki, hazipatani na maji, nazo huelea pamoja na masalio ya mawese, zikachotwa na kupelekwa kwa wapika sabuni. Taabu ni zile fupi zitokanazo na uchachu, kama asidi ya siki, ambazo zimeshikamana na maji hata heksani, kiyeyushi mashuhuri cha viwanda vya mafuta, haizing'oi ila kwa uchache usio na faida. Etha huzipokea vizuri zaidi, lakini yachemka kwenye nyuzi 35, na mvuke wake ukikutana na meko ya kinu, Mungu apishe mbali. Asetati ya ethili yafaa pia, lakini kama sehemu 8 katika 100 huyeyukia majini, na kuirudisha kwataka kuni nyingine. Viko viyeyushi vya jamii ya amini, vishikavyo asidi hata ikiwa haba, ila kuiachisha tena ni gharama ya pili. Kadhalika sharti maji yabaki makali: yakishaingia majivu, au yakishafika ziwani, ambako maji yana ugadi wa pH ikaribiayo 9, asidi hugeuka chumvi isiyovutwa na viyeyushi hivyo. Na chochote kitakachochaguliwa hununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo uhaba wake waujua kila aliyepanga foleni ya petroli Bujumbura.

Mfanyabiashara mmoja wa mawese aliposikia habari hizi alicheka, kisha akakasirika. "Nikifikisha bidoni zangu mjini," alisema, "mnunuzi achovya kidole, aonja, akunja uso, halafu anipunguzia. Mwenzangu wa kinu kile kile, mafuta ya siku ile ile, hakupunguziwa hata faranga. Nikiuliza kipimo kiko wapi, anionyesha ulimi wake. Nao wataalamu leo wanitafutia asidi katika mashimo ya maji machafu, ilhali ile iliyomo katika bidoni zangu hawajaipima!"

Malalamiko hayo ni ya upande mmoja, na wanunuzi bila shaka wana yao; lakini yana uzito kuliko hesabu ya afisa. Biashara ya dunia aghalabu huweka mpaka wa asidi 5 katika 100 kwa mawese ghafi, na kuipima kwahitaji spiriti, kostiki soda ya kipimo maalumu, na matone ya fenoftalini yageukayo waridi. Huenda vinu vingi vikiunganishwa penye shimo moja la maji machafu, kiyeyushi kikapata faida yake. Huenda isiwe hivyo, na sisi twaelekea upande wa pili. Kabla ya kuagiza pipa la kwanza la kiyeyushi, wenye mamlaka na waweke meza ya kupimia asidi sokoni Rumonge, mbele ya muuzaji na mnunuzi.