Je, Wajua? Kontrola ya USB Haitembei Peke Yake

Je, wajua kwamba kuipa mashine pepe kontrola ya USB kunaweza kuikatia seva yako mtandao? Linux hupanga vifaa vya PCI katika makundi ya IOMMU (kitengo kinachodhibiti jinsi vifaa vinavyofikia kumbukumbu), na seva hulazimika kuliachia kundi zima. Kontrola ikiwa kundi moja na kadi ya mtandao, mashine pepe itagoma kuwaka, au seva itapotea hewani.

Kabla ya kuhangaika, fungua folda ya /sys/kernel/iommu_groups. Ikiwa tupu, IOMMU haijawashwa: ingia BIOS, utafute VT-d kwa Intel au IOMMU kwa AMD. Kwa Intel, huenda pia ukahitaji kuongeza intel_iommu=on kwenye amri za kuwashia kerneli.

Mtego mbaya zaidi ni wa Unraid, mfumo wa seva ambao kwa kawaida huwaka kutoka kwenye flashi ya USB. Ukiipa mashine pepe kontrola inayoishikilia flashi hiyo, umejikatia tawi ulilokalia. Amri ya lsusb -t itakuonyesha flashi iko kwenye basi lipi. Usidanganyike na matundu ya nyuma ya kompyuta. Mengi huwa ya kontrola moja. Kadi ya USB ya PCIe, ikiwa na kundi lake, huokoa usiku mwingi wa kukesha.