Kabichi Isinuke, Majani Yasirojeke: Jiko la Kipupwe

Julai ikiingia Njombe na Makete, masweta hayavuliwi mpaka jua lipande, na kule juu Kitulo umande huganda kwenye nyasi. Baridi hiyo ina njaa yake: inataka ugali, viazi na chai ya moto. Mboga hubaki kijiko kimoja pembeni ya sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi, hata vikiwa vya Njombe, havihesabiwi humo.

Kasoro nyingine iko jikoni. Kwa kuwa moto unaotwa kutwa, majani nayo huachwa yachemke mpaka yarojeke. Vitamini C haivumilii maji mengi wala moto mrefu, na magadi huzidi kuiharibu. Ule ukijani mzuri unaoletwa na magadi ni wa kudanganya macho tu.

Chukua majani ya maboga. Menya nyuzi za vikonyo, yafikiche vinyweleo vitoke, osha, katakata, kisha yachemshe kwa maji kidogo, dakika kumi zinatosha. Pembeni kaanga kitunguu na nyanya, tia karanga za kusaga ulizozikoroga kwa maji, uendelee kukoroga mpaka rojo liive. Hapo changanya na majani. Mafuta ya karanga yana kazi: bila mafuta, mwili haupati vizuri vitamini A ya kwenye majani. Ukishaipua, kamulia limau, nalo husaidia madini ya chuma yafyonzwe. Chai, kwa upande wake, huyazuia, kwa hiyo ingesubiri walau saa moja baada ya kula. Najua, kumwambia hivyo mtu wa Makete ni kutafuta ugomvi.

Boga lenyewe tumezoea kulichemsha vipande. Jioni ya baridi lifanye supu: lipike na kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, liponde kwa mwiko, ongeza maji, malizia kwa maziwa.

Kabichi haihitaji hata maji. Ikate nyembamba, itie kwenye mafuta kidogo pamoja na karoti na hoho, funika dakika chache, epua ingali inalia menoni. Ile harufu inayowafanya watoto wakunje pua hutokana na kuipika muda mrefu. Ipikwe hivi uone kama wataisusa.